Hatukulala

Tangu mwezi wa tatu, Loveth muuguzi hakuwa na ugomvi na mtu yeyote ila kitanda chake. Alikitandika vizuri, akakipanda saa nne usiku kama alivyoagizwa, na kitanda kikamkataa. Anageukia kulia, anageukia kushoto, anautoa mto, anaurudisha, anakumbuka hajafunga dirisha, anaamka, dirisha limefungwa tangu jioni. Saa nane anawika jogoo wa kwa Baltazar, jogoo mwendawazimu asiyejua saa wala aibu. Saa kumi na moja mwili unaanza kulegea, na saa kumi na mbili simu inalia kumwamsha mtu ambaye hajalala.

Usidhani alikaa tu akilalamika. Alikwenda hadi Mbinga kumwona daktari, mzee mpole mwenye miwani, aliyemwandikia masharti badala ya vidonge. Asiguse kahawa wala chai ya rangi baada ya saa sita mchana. Asilale mchana. Aamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Kitanda kiwe cha kulala tu, si cha kusomea wala kuchezea simu, na usingizi ukigoma nusu saa, atoke kitandani akakae kwenye kiti mpaka macho yawe mazito. Kuacha kahawa kwenye milima ile mwezi wa saba, kila ua umeanikwa kahawa na upepo wote unanukia kahawa, si kazi ndogo. Aliiacha. Akaongeza na ya kwake: miguu kwenye maji ya moto, maziwa, Zaburi, kuhesabu kurudi nyuma kuanzia mia tatu. Alipofika sifuri alianza tena.

Kabla hajatoka, yule daktari alikuwa amemuuliza, "Ukilala, nesi, unaogopa kitatokea nini?"

Loveth alicheka, akasema haogopi kitu. Alidanganya, na mzee yule nadhani alijua, maana alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Alichokiogopa kilikuwa na jina. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, baada ya kuzalisha siku mbili mfululizo bila mtu wa kumpokea, Loveth alirudi kwenye nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati, akalala usingizi wa kuzimia. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inalidai. Usiku huo Ida, mwanamke kijana wa ng'ambo ya bonde, alikuja peke yake na uchungu wake, kwa sababu mume alikuwa Ngaka kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Akabisha hodi mlangoni. Hakufunguliwa. Asubuhi Loveth alimkuta barazani ameegemea ukuta, mtoto amemzungushia kanga, na mtoto alikuwa hapumui.

Hakuna aliyemlaumu. Wilayani walisoma taarifa, wakasema pengine mtoto asingepona hata kama mlango ungefunguliwa. Kijiji kilizika, kikarudi kwenye mahindi. Ida mwenyewe hakusema neno, si la hasira wala la kusamehe. Walipokutana njiani aliinamisha kichwa akapita. Loveth angeona nafuu kama angetukanwa. Tangu hapo masikio yake yaligoma kulala. Mwili ukilegea kidogo tu, anasikia hodi, anakurupuka, anafungua, na baraza ni tupu.

Alhamisi ya wiki ninayosimulia, alikuwa anamhudumia mama mwenye uchungu, Violet, uzazi wa tatu. Alivuta dawa kwenye sindano, akapangusa paja, akainama. Mkono wa mtu ukamshika kifundo cha mkono. Alikuwa Thadei, mganga mfawidhi, aliyeingia kuchukua glovu.

"Loveth," alisema. Siku zote humwita nesi. "Mama huyu hajajifungua. Hiyo ni sindano ya baada ya mtoto kutoka."

"Nimeona."

"Hukuona. Mimi ndiye niliyeona."

Violet alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuuza samaki. Lakini jioni Thadei alimwita ofisini, akafunga mlango, akakaa muda mrefu akipanga kalamu zake.

"Jumatatu nashuka Mbamba Bay, wilayani," alisema. "Kama utakuwa bado hivi, nitakwenda na barua ya kukutoa chumba cha uzazi. Sitaki kuiandika, mdogo wangu. Ila nitaiandika."

Loveth alisema sawa. Angesema nini? Angekuwa yeye ni Thadei, angeiandika siku hiyo hiyo. Lakini chumba kile cha vitanda viwili na pazia la maua ndicho kilichomfanya asirudi kwao Machame miaka mitano yote. Mikono yake haikujua kazi nyingine ya maana. Na akitolewa, kina mama wa milima hii wangetembea saa tatu kumfuata mkunga mwingine, wengine wakiishia njiani. Kwa hiyo alikuwa na usiku nne za kujifunza kulala, na mtu akishaamriwa kulala, utajua mwenyewe kinachofuata. Alhamisi hakupata hata lepe. Ijumaa alifungua mlango mara sita.

Jumamosi asubuhi, uso umevimba, alichukua ndoo akaenda bombani.

Sasa lazima nieleze kitu, kwa sababu bila hicho hakuna hadithi. Huku milimani salamu ya asubuhi ni kuulizana usingizi. Watu huulizana hivyo kwa Kimatengo majumbani mwao, na wakiongea Kiswahili na mgeni huihamisha nzima nzima: "Mmelala?" Nawe hujibu, "Tumelala." Hata kama uko peke yako unajibu kwa wingi, ndiyo adabu. Hata kama umekesha na jino, umelala. Jibu la pili lipo, lakini halitumiwi ovyo. Nyumba inayojibu "Hatukulala" inatangaza kwamba ndani kuna maiti.

Miaka mitano Loveth alijibu "Tumelala" bila kufikiri, na hilo la pili hakuna aliyewahi kumfundisha, kwani nani humfundisha mgeni salamu ya kifo? Asubuhi ile Bibi Vitalia alikuwa bombani, mama mkubwa wa kijiji kizima, amejitanda kitenge juu ya sweta kwa baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmelala?"

Pengine ni uchovu. Pengine ni kuchoka kudanganya. "Hatukulala, bibi," Loveth alisema, na sauti ikamkatika. "Hatukulala hata kidogo."

Bibi Vitalia aliachia ndoo ikamwagika. "Uwii! Poleni! Poleni sana, mwanangu!" Akaondoka mbio kwa miguu yake yenye baridi yabisi, na Loveth akabaki anashangaa jinsi bibi alivyo na huruma kwa mtu aliyekosa usingizi.

Hakumaliza kunywa uji. Ephrasia aliingia uani na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akamkumbatia. Nyuma yake alikuja Notburga na unga wa mahindi kwenye beseni, kisha wengine wawili na maharage, kisha wanawake wa ng'ambo ya bonde, vidole bado vina utomvu wa kahawa waliyoiacha mitini. Wakatandika mikeka sebuleni. Wakakaa, miguu wameinyoosha, kanga wamezishusha usoni. Nje wanaume walikuwa wameshawasha moto, na Baltazar mwenye jogoo alikuwa anauliza jembe liko wapi.

"Kuna nini?" Loveth alimnong'oneza Ephrasia.

"Jikaze, nesi. Tupo."

Hapo ndipo Mansuetus katekista alipoingia, kitabu cha nyimbo kwapani, akapiga ishara ya msalaba, akatafuta kwa macho chumba kipi kina mwili. Hakuona. Akamsogelea Loveth kwa upole wote wa kanisa.

"Nesi, najua wewe ni Mlutheri, lakini mbele ya Mungu hatugombani. Marehemu anaitwa nani?"

"Marehemu gani?"

Mansuetus akamtazama Bibi Vitalia, aliyeketi mkeka wa mbele. Bibi Vitalia akamtazama Loveth.

"Si umesema hamkulala?"

"Mimi sikulala, bibi! Mimi peke yangu. Usingizi sipati!"

Kuna aliyecheka, akajikohoza haraka. Nje Baltazar aliposikia habari alisema kwa sauti kwamba ameacha kahawa juani kwa ajili ya mtu mwenye afya. Loveth alitamani ardhi immeze pamoja na ile mikeka. Alianza kuomba radhi, akaomba kwa Notburga, akaomba kwa kuni, akageuka huku na huku, na katikati ya radhi ya tatu akaanza kulia. Si kilio cha adabu. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, na maneno aliyomficha daktari wa Mbinga yakatoka mbele ya sebule nzima.

"Naogopa nikilala nisisikie hodi tena. Tangu mwezi wa tatu. Kila nikifumba macho kuna mtu mlangoni. Juzi nusura nimuue Violet. Jumatatu natolewa kwenye uzazi, na wana haki."

Wote walijua hodi ipi. Wanawake waliinamisha vichwa, na wachache, polepole, wakageukia pembe ya mlango. Loveth alifuata macho yao, akamwona. Ida alikuwa ndani. Alikuja na kina mama wa ng'ambo, akakaa nyuma kabisa, kibaba chake cha unga bado mapajani.

"Tusiondoke," alisema Bibi Vitalia. "Msiba tulioujia upo. Ulianza mwezi wa tatu, tukaja nyumba moja, ya pili tukaipita. Mansuetus, kaa chini, mtu wa Mungu, unatuzibia mwanga."

Mansuetus akakaa.

Ida akasimama. Alipita katikati ya miguu ya wanawake, akiomba radhi kwa kila mguu, mpaka akafika mbele ya Loveth. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kumtazama usoni. Alikuwa na weusi chini ya macho, uleule ambao Loveth aliuona kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Nilibisha mara nne," Ida alisema. "Mvua ilikuwa kubwa, nesi. Mkono wangu mwenyewe sikuusikia."

Loveth alijifuta macho kwa kiganja.

"Hata mimi silali," Ida aliendelea, haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangusha. "Mume yuko Ngaka. Usiku nasikia mtoto analia, naamka, hakuna. Nilikuwa napita bila kukusalimia kwa sababu nilijua nikikusalimia nitalia njiani." Akauchukua mkeka mmoja, akautandika pale mlangoni, kichwa upande wa komeo. "Kalale. Hodi nitaisikia mimi."

Ephrasia alimshika Loveth mkono, akamwingiza chumbani kama bibi harusi. Hakuna aliyezima mazungumzo. Sebuleni walianza kuchambua maharage na kumsema Baltazar na jogoo wake. Kuni zilipasuka uani. Mansuetus, kwa vile ameshakuja na kitabu, aliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Loveth alijilaza na viatu. Alisubiri hodi ije. Alimsikia Ida mlangoni akikohoa, akajua yupo. Sharti la daktari la kutolala mchana lilivunjika saa nne kasoro, na mvunjaji hakujua limevunjika lini.

Aliamka jioni, akala ugali wa msiba usio na maiti, akalala tena. Jumapili asubuhi Bibi Vitalia alipanga zamu: kila usiku mwanamke mmoja atalala mlangoni kwa nesi, kusikiliza. Notburga akachukua Jumanne, Ephrasia Jumatano. Kuhusu usiku wa Jumapili hakukuwa na mjadala, Ida alikuwa bado hajaukunja mkeka wake.

Jumatatu alfajiri, ukungu umeziba bonde na ziwa lote huko chini, Thadei alifika na begi la safari. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti. Alisimama barazani akasita, maana aliipenda kazi yake lakini si kila siku.

"Hodi!"

Kimya. Akabisha kwa nguvu zaidi. Komeo likavutwa. Alikuwa Ida, nywele zimetimka, alama ya mkeka imechoreka shavuni, akipepesa macho kwenye mwanga. Nyuma yake mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na Thadei alimwona muuguzi wake kitandani, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, akikoroma. Hodi mbili, na hakusikia hata moja.

Thadei alishusha sauti. "Mmelala?"

Ida akageuka akamtazama Loveth, kisha akamrudia Thadei.

"Tumelala," alisema. "Mwenzangu bado amelala."