Chai ya Kitanda cha Nne

Nilianza kujitolea hospitalini mwaka uleule nilioanza kisomo cha jioni, nikiwa na miaka arobaini na saba. Kila Jumamosi nilisali, nikajifunga aproni, nikawalisha wagonjwa wasio na ndugu. Niliamini Mungu amenituma kutoa. Sikufikiri kwamba nami nilikuwa mhitaji.

Jumamosi hiyo kitanda cha nne kilikuwa na mama mgeni kwangu, mifupa mitupu, ulimi kama wembe.

"Wewe mwenye aproni, hicho kikombe cha nani?"

"Chako, Shangazi, ukitaka."

"Nani asiyetaka? Tangu jana tumbo linanisomea risala."

Juu ya kichwa chake palikuwa na karatasi. Niliiona. Iliandikwa kwa mkono, herufi zimeshikana kama watoto wanaovuka barabara, na darasani bado tulikuwa kwenye herufi za kitabuni. Muuguzi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Ningemwuliza. Lakini niliona aibu, mtu mzima mimi, nikajiambia bila shaka ni jina la mgonjwa. Nikamnywesha chai ya maziwa, kikombe kizima, na mkate nikamwongezea.

Muda si mrefu kikaja kitanda cha magurudumu.

"Mgonjwa, zamu yako ya upasuaji," muuguzi akasema. "Hujala wala kunywa kitu, sivyo? Tukikulaza usingizi na chakula tumboni, kinapanda na kuingia mapafuni. Watu hufa hivyo."

Mama yule alinitazama mimi, si muuguzi.

"Sijaonja hata tone."

Wakamhamisha, magurudumu yakaanza kuzunguka. Nilitaka kusali, midomo ikakataa. Sala iliyobaki ilikuwa moja tu, na ilitaka isikike wodi nzima.

"Simameni! Amekunywa chai! Nimempa mimi. Ile karatasi sikuweza kuisoma."

"Ungemuua," muuguzi akasema polepole. "Imeandikwa asile wala asinywe." Akaenda kumwambia daktari, na upasuaji ukaahirishwa hadi Jumatatu.

Nilipiga magoti kando ya yule mama. "Shangazi, ulijua hutakiwi kunywa?"

"Nilijua. Njaa ina adabu?"

"Na muuguzi alipokuambia utakufa, mbona ulikana?"

"Nilikuona ulivyoikodolea macho karatasi, halafu ukainama. Mimi mwenyewe hata herufi 'a' siijui. Nikasema, nikimtaja watamfukuza, maskini, na leo ndiye pekee aliyeniita Shangazi."

"Ungekufa kwa sababu ya aibu yangu?"

"Ah, usinipigie kelele, mwanangu. Ndiyo kwanza nimeshiba."

Walimpasua Jumatatu, akapona. Mimi bado sijatulia. Nimesali miaka mingi niwapende watu nisiowajua, nikadhani nimejibiwa. Kumbe nilikuwa sijawahi kuona upendo wenyewe ulivyo, wala unavyotisha.