Pedali ya Tatu

Alima Yuma aliiunda kompyuta ya bendi yao kwa miezi minne, mezani kwake mtaani Kamalondo, katikati ya simu za wateja alizokuwa akizitengeneza. Laptop ya bendi ilikuwa imezimika mara mbili jukwaani, naye alichoka kuaibika. Akatafuta bodi ndogo inayoenea kiganjani, akaiunga na kadi ya sauti, akavifunga vyote ndani ya kisanduku cha aluminiamu. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ukiichomeka kwenye umeme inaamka yenyewe, taa inawaka, na sauti zote za bendi zinangoja chini ya pedali tatu. Ya kwanza ilipiga ngoma. Ya pili ilirekodi. Ya tatu ilipiga rekodi ya mwisho, ikairudia tena na tena.

Jumamosi, kwenye mazoezi, walirekodi makofi ya wimbo wa kufungulia. Kisha Alima akatoka kwenda kuswali. Mguu wake uligusa pedali ya pili, na bila skrini hakuona kwamba mashine imeanza kusikiliza. Chumbani alibaki Michée peke yake, mwimbaji wao, simu mkononi, kipaza sauti kikiwa mbele yake.

Kesho yake alasiri walipiga kwenye harusi ya binamu yake Michée. Mama yake Michée, Mujinga, alikaa meza ya mbele. Alima akakanyaga pedali ya tatu, akingoja makofi.

Spika zikasema kwa sauti ya Michée:

"Docteur, ni miye Michée. Operation, minakatala. Mukipasula ku shingo, sauti yangu itaisha. Nayua cancer haingoje. Lakini mama asiyue kitu."

Mpiga gitaa alisimamisha vidole. Bibi harusi akabaki na glasi mdomoni. Alima hakuwa na pa kutazama, kisanduku kilikuwa na taa yake tu. Kabla hajajua akanyage wapi kuizima, rekodi ikaanza upya. "Docteur, ni miye Michée..."

Aling'oa waya wa umeme kwa mikono miwili.

Michée alisimama na kipaza sauti kifuani, macho yamekauka kama ya mtu aliyeamshwa kwa kofi. Mujinga akainuka polepole, akapita kati ya viti, akapanda jukwaani na viatu vyake vya sherehe.

"Tokea wakati gani?" aliuliza.

"Tokea février, mwezi wa pili, mama."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

Mama akamshika shingo kwa viganja vyote viwili, akipapasa, mpaka kidole chake kikakutana na kivimbe. Wakakaa chini wote wawili, palepale kwenye nyaya.

Jumatano Michée alipasuliwa. Madaktari walisema wangechelewa kidogo tu, wasingekuwa na la kufanya. Tangu hapo anaongea kwa mkwaruzo. Kuimba haimbi tena.

Wiki tatu Alima hakuthubutu kwenda kwao Michée. Alipobisha hatimaye, Mujinga ndiye aliyefungua. Alima akaanza maneno ya msamaha aliyoyapanga.

Mujinga akasogea kando ya mlango.

"Ingia," alisema. "Michée iko anakula."