Birika la Chapuchapu

Bibi wa miaka themanini na mbili alisimama katikati ya birika la ubatizo, kanzu nyeupe imemganda, na maji yanamkimbia. Ufa wa kuingia kidole ulikuwa umefunguka ukutani. Maji yakashuka kiunoni, yakafika magotini, na kwaya ilipoanza ubeti wa tatu, mchungaji aliyekuwa naye ndani alikuwa amesimama kwenye sakafu tupu. Watoto wakaangua kicheko. Fundi aliyelijenga birika, ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, alitamani ardhi immeze. Bibi yule alikuwa mama yake mzazi.

"Saruji ilikuwa mbovu," aliwaambia wazee wa kanisa, macho makavu.

Jamani, uongo mtupu! Lipu hutaka kumwagiliwa maji siku saba isije ikapasuka. Yeye aliimwagilia siku moja, akakimbilia kazi nyingine, maana sifa za wepesi zilikuwa zimemlevya.

Miezi minne hakukanyaga kanisani. Mama akapewa nafasi ya kubatizwa kwenye kanisa jirani, akakataa katakata. "Nitazamishwa kwenye kazi ya mwanangu, au basi," alisema. Na kwa umri ule hakuwa na miezi ya kuchezea.

Mchungaji akamfuata fundi kazini, akachuchumaa kando ya zege.

"Petro alimkana Bwana mara tatu."

"Mchungaji, usinihubirie, zege litakauka."

"Sihubiri, nauliza tu. Bwana alipomrudia, alimfukuza kazi?"

Fundi aliinamia koleo lake, akakoroga zege. Alilijua jibu tangu utotoni, ila hakuwahi kufikiri kwamba linamhusu.

Jumapili alisimama mbele ya watu kanisani. "Saruji haikuwa na kosa. Nililipua kazi, kisha nikawadanganya. Nimemkosea Mungu, nimewakosea ninyi, na mama yangu. Nisameheni."

Sauti ikatoka benchi la mbele: "Haya, umeshatubu. Sasa kachukue mwiko!" Ni mama, nani mwingine? Kanisa zima likacheka, naye fundi akacheka huku machozi yanamtoka.

Alilibomoa birika kwa mikono yake, akalijenga upya, akalifunika magunia mabichi. Siku ya kwanza alimwagilia huku akitazama saa. Siku ya nne alijikuta anaomba, ndoo mkononi, na hakuwa na hamu ya kuifikia amina. Hakuwahi kukaa na kazi aliyokwisha kuimaliza. Sasa alikaa nayo, na aibu ya miezi minne ikamtoka kidogo kidogo.

Jumamosi, siku saba zilipotimia, alilijaza maji, akachora mstari wa penseli pale yalipofikia. Jumapili alitangulia kufika kabla ya watu wote. Maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Akapiga magoti na suti yake, akalia kama mtoto.

Saa nne mama aliteremka ngazi, akazamishwa, akaibuka. Vigelegele! Maji yakaruka hadi kwenye viatu vya fundi, aliyesimama ukingoni na taulo. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaurudia, na mama bado yumo ndani, anayapigapiga maji kwa viganja na kucheka.

"Mama, toka basi, wenzako wanangoja."

Mama akamtazama mwanawe kutoka chini, uso wote unang'aa maji.

"Una haraka ya kwenda wapi, Chapuchapu?"

"Sina, mama," akasema, akaketi ukingoni, taulo mapajani.