Maswali Thelathini na Moja ya Fundi Redio

Fundi redio alikuwa na kanuni moja, nayo aliiheshimu kuliko sheria za nchi: hafungui kitu kabla hajajua kinaumwa nini. Mteja aliyeleta redio na kusema tu "imekufa" alirudishwa nayo nyumbani akaisikilize vizuri. Basi, alipoambiwa kwamba fuvu la bintiye huenda likafunguliwa, alikwenda hospitali na daftari lenye maswali thelathini na moja.

Binti mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alikaa kati ya wazazi wake akining'iniza miguu. Kifafa kilikuwa kimemwandama miaka minne. Dawa tatu zilijaribiwa. Zote ziligonga mwamba.

"Kovu hili ndilo linalowasha cheche," daktari alisema, akigusa picha ya ubongo kwa kalamu. "Tukiliondoa, wengi huacha kuanguka. Si wote."

"Samahani, daktari. Cheche ikizimwa, umeme utapita wapi?"

"Hilo la kumi na tisa," mkewe alinong'ona. "Wenzako huko nje wameshaota mizizi."

Daktari alicheka, lakini akajibu hilo na kumi na moja yaliyofuata. Kisha akasema lile zito: kovu lilipakana na sehemu ya maneno. Kasuku angeweza kupoteza baadhi yake, pengine asiyapate tena.

Fundi aliacha kuandika. Nyumba bila domo la Kasuku! Domo alilolilalamikia kila siku ya Mungu, sasa alikuwa tayari kulilinda kwa rungu. Akaisukuma kando fomu ya ridhaa iliyokuwa mezani.

"Tungoje mwaka. Tujaribu dawa nyingine."

"Umebakiza moja," mkewe alisema, akichungulia daftari.

Fundi akasoma: *Hitilafu huanzaje?* Kwa wateja wake lilikuwa swali la kwanza. Hapa limekuwa la mkiani.

"Mashine haijui hilo," daktari alisema. "Muulize mwenye kichwa."

Wazazi wakatazamana. Miaka minne walikuwa wakimlaza ubavu na kuhesabu dakika, wala hakuna aliyemuuliza.

"Nasikia harufu ya mpira unaoungua," Kasuku alisema. "Halafu maneno yanakimbia. Nawasikia mnaniita, ila kila neno nikilishika linateleza. Nikizinduka hayarudi yote. Juzi nilikaa kutwa nzima sijui kijiko kinaitwaje."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, baba, na neno lenyewe ndilo limepotea?"

Hata daktari alishindwa kujizuia. Fundi alicheka pia, kisha akalifunga daftari. Kumbe kungoja nako kulikuwa kunamla mtoto, neno kwa neno.

"Wewe unaonaje?" alimuuliza bintiye.

"Naogopa. Lakini afadhali mwizi wa mara moja, tena tumemwona sura, kuliko huyu wa kila wiki."

"Nimeitwa mengi," daktari alisema. "Mwizi, leo ndiyo mara ya kwanza."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kukubali, macho yamelowa. Fundi akaivuta fomu, akatia sahihi mbovu kama ya mtoto wa chekechea, mkewe akaweka yake chini.

"Na mimi nina swali," Kasuku alisema. "Mkishafungua, mtaniambia mlikuta nini?"

"Wewe wa kwanza," daktari alijibu.

"Kabla ya baba?"

"Kabla ya baba."

Fundi alifungua daftari, akaliandika swali la bintiye: la thelathini na mbili.