Onyesho la Pili la Tamthilia ya Mjomba

Katika kikundi chetu cha maigizo kuna wenye sura, kuna wenye sauti, halafu kuna mimi mwenye kichwa. Maneno yakishaingia humu, hata uninyanyue miguu juu hayadondoki.

Ndiyo maana mjomba alinipa nafasi ya mtunzi katika tamthilia yake. Mtunzi huyo anamwacha mkewe, anapanga chumba. Onyesho la pili anarudi kumpigia magoti. La tatu anakufa. Sote tulijua ni nani. Mjomba alikuwa na kiburi cha kutosha nyumba tatu. Kumwomba mkaza mjomba radhi uso kwa uso kulimshinda, akaandika. Kisha kiharusi kikamfunga ulimi, tamthilia ikabaki ndiyo mdomo wake.

Mara ya kwanza tuliicheza shuleni. Mwalimu mkuu akalikata onyesho la pili, eti mwanamume kupiga magoti ni kuwafundisha wavulana unyonge. Mara ya pili mvua ilipiga bati la ukumbi hadi watu wakatuona tunatafuna hewa tu. Mara zote mbili mkaza mjomba hakuja.

Jana alikuja. Akakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Onyesho la kwanza linaishia mwenye nyumba akigonga mlango wa chumba changu. La tatu linaanza daktari akigonga mlango huohuo. Mwenye nyumba akagonga, nami nikajibu, "Karibu daktari, umechelewa." Maskini, akawa daktari papo hapo, akanipima kifua kwa shada la funguo. Nikafa. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Aliyeigiza mke alibaki nyuma ya pazia na poda yake, akinitazama kama mwizi wa kuku.

Leo asubuhi nimemkuta mjomba ameegemezwa kwenye mito. Macho yake yakaniuliza kabla sijakaa.

"Mjomba, jana tulifunika," nikasema. "Lile la pili, ukumbi ulinyamaza kimya. Mkaza mjomba alilia mpaka mtandio ukalowa."

Mkono wake mmoja wenye nguvu ukashika wangu. Nikanogewa. "Tena alilia kwa kwikwi."

"Alilia nani?"

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza, alilia nani? Nilikaa mbele yako pale. Nimemwona mtu anamwacha mkewe, anapanga chumba, anakufa. Nilisubiri walau amtaje." Akamgeukia mjomba. "Nimekuja kukuaga. Nilitaka ujue nimeiona."

Mjomba akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo neno. Akauachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

"Mkaza mjomba, lipo onyesho anarudi," nikasema. "Haki ya Mungu. Anarudi, anapiga magoti, anamwomba radhi."

Akautundika mkoba begani.

"Ndilo hilo nililolilia?"