Mbeleko Iliyotoka Stoo

Jirani muuza mkaa anadai kwamba bibi alivunja kioo kwa kiwiko. Anasema mlio aliusikia kwa masikio yake, akiwa nje ya lango la makumbusho, na kwamba bibi aliingia mle mtu wa kawaida tu, akatoka mbio amekumbatia ngozi kuukuu kama aliyeokoa mtoto motoni, walinzi nyuma yake wakimbembeleza. Ukimuuliza jirani lango lenyewe linatazama upande gani, anakumbuka ana mteja.

Kioo hakikuwepo. Walishakiondoa, na taabu yote ilianzia hapo.

Mjukuu wa bibi, fundi cherehani, alikuwepo siku ile na mtoto wake mgongoni. Makumbusho yale yalikuwa mtaani kwao tangu bibi hajaolewa, lakini watu wa mtaa waliyajua kwa ukuta wake tu. Ukiingia, unaambiwa usiguse, usiegemee, usicheke kwa sauti. Kisha akaja mkuu mpya, mama mmoja wa maneno ya upole, akasema vitu hivi vina wenyewe, na wenyewe wanaishi ng'ambo ya barabara. Akafungua stoo. Akapanga meza ukumbini, akaualika mtaa mzima uje ushike, useme hiki kilikuwa cha nani na kile kilifanya kazi gani. Wafanyakazi waliozoea kushika kila kitu kwa glavu nyeupe aliwaambia wazivue. Alisema glavu zinawaambia watu kwamba mikono yao ni michafu.

Bibi alizunguka zile meza akitania kila alichokiona. Kibuyu kimoja alikiita shemeji kwa sababu ya kitambi chake. Alipofika kwenye mbeleko, akaigeuza kutazama upande wa chini.

Ilikuwa mbeleko ya ngozi, imekakamaa, ina shanga pembeni na kiraka cheusi chini kilichoshonwa kwa mishono mirefu ya haraka haraka. Mshono ule bibi aliujua. Mama yake alikuwa mtu wa mbio maisha yake yote, hata sindano aliikimbiza. Bibi alibebwa humo, na wadogo zake wote baada yake, mpaka alipopita bwana mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale akaiomba. Alisema anakwenda kuwaonyesha wenzake kisha atairudisha. Mama akampa. Akaisubiri mpaka akafa.

Mkuu aliyasikiliza hayo yote, machozi yakamlenga. Baada ya vikao vyao akaleta jibu: mbeleko itarudi kwa wenyewe, hadharani, palepale ukumbini. Bibi alikuwa na ombi moja. Kitukuu wake abebwe humo siku hiyohiyo, abebwe na yeye mwenyewe, kutoka ukumbini hadi nyumbani.

"Mume wangu ataingia mtaani amepanda gari la mama mkwe wake," alisema, akamfinya mtoto shavu. Tangu siku hiyo akawa anaimbaimba jikoni, jambo ambalo hakulifanya tangu babu aondoke duniani.

Siku iliyotangulia shughuli, fundi alipeleka vitambaa vya meza alivyopewa kazi ya kushona. Kwenye ngazi akakutana na mhifadhi wa stoo, mzee mwembamba asiyependa mazungumzo. Mzee alimtazama mtoto kwanza, ndipo akamtazama mama. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba zamani, kabla yeye hajaajiriwa, ngozi zilizoingia stoo zilikuwa zinanyunyiziwa unga wa sumu zisiliwe na wadudu. Unga ule hauoshwi ukaisha. Zile glavu hazikuwa za kulinda vitu peke yake. Alishamwambia mkuu. Mkuu akajibu kwamba hakuna mwenye uhakika kama mbeleko hii nayo ilinyunyiziwa, kifaa cha kupimia hawana, na wakitaja sumu sasa hivi, mtaa utaona ni ujanja mwingine wa kuwanyima chao. Acha shughuli ipite kwanza.

"Kwa hiyo unataka mimi ndiye nikamwambie bibi," fundi alisema.

"Nakuambia kwa ajili ya huyo mgongoni. Mtu mzima anashika, ananawa. Huyu ataitia mdomoni."

Jioni, wakichambua mboga, fundi alianza mbali kabisa. Akazungukia wadudu, akazungukia stoo, mpaka akafika. Bibi alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Miaka yote sisi ndio wachafu, tusiguse," alisema. "Leo tumeruhusiwa kugusa, uchafu umehamia kwenye ngozi ya mama."

Hata fundi wazo hilo lilimpitia pale ngazini. Akajaribu kusema wangeweza kuitundika ukutani, wawe wanaiangalia. Bibi akamuuliza tofauti yake na huko ilikotoka ni ipi. Kisha akauliza kama mkuu ndiye aliyesema habari za sumu. Fundi akasema hapana. Nani, basi? Fundi akamfikiria mzee wa watu na kazi yake, hakumtaja.

"Basi," bibi alisema, akaendelea na mboga.

Asubuhi fundi aliwahi ukumbini kabla viti havijajaa. Alimwomba mkuu aliseme jambo hilo yeye, kwa kinywa chake, kwa sababu bibi angemwamini. Mkuu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema anamwelewa sana, ni mama mwenzake, wataliongea vizuri baada ya shughuli. Kisha akaitwa kwenye kipaza sauti.

Watu wakajaa, wengine wakasimama madirishani. Zikatolewa hotuba. Mkuu akaibeba mbeleko kwa mikono mitupu, akampa bibi, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bibi aliinusa kwanza. Akaikung'uta kidogo, kama nguo iliyotoka sandukuni, na kwenye mwanga wa dirisha fundi akaona vumbi likipanda. Huenda lilikuwa vumbi tu. Bibi akaizungusha mgongoni, akashika kamba zake kifuani, akainama mbele ya mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, niwekee mume wangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mtoto, mikononi mwa mama yake, aliziona shanga akazinyooshea mkono, ulimi nje. Fundi alimtafuta mkuu kwa macho. Mkuu alikuwa anatabasamu na watu wa mbele. Mhifadhi, kule mlangoni, alikuwa anaangalia viatu vyake. Makofi yakaanza kupungua. Bibi alikuwa bado ameinama, uso ameugeuzia begani.

"Nipe mtoto, mama," alisema, polepole, kwa sauti ya wao wawili tu.