Yai la Lukyan

Yavdokha aliuvuta mshumaa upande wake wa meza, kwa hiyo mkaza mwanawe, Vasylyna, alilazimika kunyoosha mkono kila alipotaka kupasha kalamu yake ya nta. Ndivyo walivyoandika mayai ya Pasaka, kuyachora kwa nta kabla ya kuyatia rangi, tangu Tanasi, mume wa Vasylyna, afariki: meza moja, mshumaa mmoja, na chuki ya kutosha kijiji kizima.

"Usijisumbue," mama mkwe alisema. "Ukiliweka kaburini nitalitupa, kama la mwaka jana na la mwaka juzi."

"Tupa. Nitaandika jingine."

"Ulimwandikia akiwa hai ukamuua. Sasa maiti unamtakia nini?"

Miaka mitatu nyuma Vasylyna alimwandikia mumewe mstari usiokoma, ule unaozunguka yai mpaka mwisho wake ukaungana na mwanzo, ili uhai wa mwenye yai usikatike. Yavdokha akaligeuzageuza, akatangaza kuwa mstari haukukutana. Wiki mbili baadaye mti ukamwangukia Tanasi msituni. Watu wakanong'ona mpaka Vasylyna, aliyekumbuka vizuri kuwa aliukutanisha, akaanza kujishuku mwenyewe. Alichotaka sasa ni kidogo tu, yai lake moja likae juu ya kaburi la mumewe.

Adhuhuri rangi ya mwisho ilikuwa imekauka. Mayai yalikuwa meusi tii, nta imeficha kila kitu. Yavdokha akalisogeza yai alilomwandikia Lukyan, kitinda mimba wake, kwenye moto wa mshumaa, nta ikayeyuka, akaipangusa. Yakatokea maua mekundu, kisha mstari mweupe. Vasylyna aliliona pengo mara moja. Ncha mbili zilikuwa zimepishana kwa upana wa kidole.

Yavdokha akalipeleka dirishani, akalizungusha mara mbili.

"Umekutana," akasema. "Tazama ujifunze."

Vasylyna alidhani anakejeliwa. Kisha akaona yai lilivyokaribia kugusa pua ya yule mama.

"Haukukutana, mama."

"Kijicho hicho."

"Basi mwite yeyote anayepita hapo nje, umwulize."

Yavdokha hakumwita mtu.

"Macho yamekuwa hivi tangu lini?"

Yavdokha akalirudisha yai mezani, akipapasa ukingo.

"Nakuuliza, mama. Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika mzee."

Mzee, mume wa Yavdokha, alimtangulia mwanawe kwa mwaka mzima. Hasira zilimpanda Vasylyna mpaka akatamani kumzaba kofi mama wa watu.

"Nilipiga magoti kwenye lile kaburi nikamwomba msamaha," alisema. "Kwa pengo ambalo hukuliona."

"Lukyan anaingia msituni wiki ijayo." Sauti ya Yavdokha ilikuwa imenywea. "Mwandikie wewe. Mkono wako haukosei. Haujawahi kukosea."

"Kayaseme hayo kwenye uwanja wa kanisa, watu wote wakiwa wamesimama na vikapu vyao vya Pasaka. Ukimaliza, nitaandika."